Kisigino kinajibu kesho asubuhi: kuelewa maumivu ya kisigino kwa sisi tunaojifunza kukimbia

Kuna ile hatua ya kwanza ukishuka kitandani. Kama umeshawahi kuumwa kisigino unaijua, unaweka mguu chini kwenye marumaru saa kumi na moja alfajiri na ni kama umekanyaga msumari, unashika ukuta, unachechemea mpaka bafuni, ukitoka bafuni maumivu yameshapungua nusu, ukizunguka zunguka jikoni unatafuta maji yanaisha kabisa, basi unavaa raba unaenda zako tizi. Hapo kwenye "yanaisha kabisa" ndo wengi tunapopotea njia, mimi nilipotea hapo hapo kwa wiki kadhaa, ndo maana nimekaa kuandika hii.

Nilikuwa nakimbia na klabu yetu ya joging huku Tabata, Jumamosi na Jumapili, kilomita tano sita za mchakamchaka, nyimbo, tisheti za rangi moja, raha. Mwezi wa kumi tukakubaliana watu wanne kwamba mwishoni mwa Februari twende Moshi tukakimbie kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Nikatoka kilomita kama 12 kwa wiki nikafika karibu 30 ndani ya wiki tatu, nikaongeza kupanda kile kilima cha Chuo Kikuu pale Mlimani kwa sababu nilisikia njia ya Moshi inapanda kuelekea Mweka, na wiki hiyo hiyo nikabadilisha raba. Yani vitu vitatu kwa mpigo. Wiki ya nne kisigino cha kulia kikaanza.

Nilivyoanza kuchechemea kila mtu alikuwa na jibu lake. Mama akasema mwanangu hiyo ni baridi, acha kutembea peku kwenye sakafu (na upande wa sakafu alikuwa sahihi, nitarudi hapo). Mzee wetu mmoja wa klabu akasema ni gesi. Jirani akasema yuriki asidi hiyo, acha nyama nyekundu. Duka la dawa wakanipa diklofenaki. Mchuaji akasema mshipa umekaa vibaya, akaukandamiza mpaka machozi. Na kuna dada, kwa nia njema kabisa, aliniuliza pembeni kama sijakanyaga kitu njiani, mambo ya kutegeshewa. Sikumshangaa hata mmoja, maana maumivu ambayo hayana kidonda wala uvimbe yanasumbua akili, lazima mtu utafute yametokea wapi.

Tatizo ni kwamba majibu yote hayo yanachukulia kisigino ni kitu kimoja chenye ugonjwa mmoja. Sio kitu kimoja. Pale kuna mfupa mkubwa kuliko mifupa yote ya wayo, chini yake kuna mto wa mafuta, kutoka kwenye mfupa huo kuna mkanda mgumu unaoenda mbele mpaka kwenye vidole, kwa nyuma kuna ukano mnene unaotoka kwenye kigimbi, na katikati ya hivyo vyote zinapita neva. Kila kimoja kinauma kivyake na kila kimoja kinatibiwa kivyake, kwa hiyo kabla ya kutafuta dawa tafuta kwanza nani anayelia.

Kaa chini, weka wayo juu ya paja, bonyeza kwa kidole gumba. Kama panapouma ni chini ya kisigino, upande wa ndani, pale uvungu wa wayo unapoanzia, na maumivu ni makali hatua za kwanza asubuhi au ukiinuka baada ya kukaa muda mrefu, mfano umetoka Mbagala umekaa kwenye daladala mpaka Posta ukishuka unachechemea, basi uwezekano mkubwa ni huo mkanda. Daktari ataandika plantafasaitisi. Huyu ndo mkorofi wa kawaida kuliko wote na ndo nitamzungumzia zaidi.

Kama panapouma ni katikati kabisa ya kisigino, kama vile pamechubuka kwa ndani, na kinachokuumiza zaidi sio asubuhi bali ni kusimama na kutembea kwenye sakafu ngumu mchana kutwa, fikiria ule mto wa mafuta. Hapo kazi kubwa ni kuulinda tu kwa kiatu chenye soli laini, mazoezi ya kunyoosha mkanda hayatakusaidia sana. Kama ni nyuma, pale kiatu kinapogusa au juu yake kidogo, huo ni ukano wa Akilesi, na wenyewe pia huwa mkavu asubuhi ndo maana watu wanachanganya. Kama ni kuwaka moto, ganzi, sindano sindano zinazotembea mpaka kwenye wayo, hiyo ni neva.

Halafu kuna huyu ambaye hutakiwi kumkosa: bana kisigino chako pembeni kwa viganja viwili, kushoto na kulia, kama unakamua chungwa. Kama kubana huko ndo kunaleta maumivu makali, na ukikimbia maumivu yanapanda badala ya kushuka, na usiku umelala bado panagonga, acha kukimbia leo hii, inaweza kuwa mfupa umeanza kupata ufa. Na eksirei ya mwanzoni inaweza isionyeshe kitu, ufa wa namna hii mara nyingi huonekana baada ya wiki mbili tatu, kwa hiyo kuambiwa "picha iko safi" siku ya tatu sio ruhusa ya kurudi barabarani. Mwambie daktari kabisa kwamba unakimbia na uliongeza kilomita ghafla, maneno hayo mawili yanabadilisha anachokitafuta.

Mtoto wa miaka 8 mpaka 14 anayecheza mpira akalalamika kisigino ni hadithi nyingine, hiyo inatokana na sehemu ya mfupa ambayo bado inakua, inaisha akikua, apunguziwe tu michezo kwa muda. Na kijana ambaye visigino vyote viwili vinauma, asubuhi mgongo unakaza zaidi ya nusu saa, bila hata kukimbia, aende hospitali apimwe, hiyo inaweza kuwa maradhi ya viungo ya mwili mzima. Gauti, yani ule ugonjwa wa yuriki asidi alioutaja jirani, kawaida hupenda kidole gumba cha mguu, inakuja ghafla, panavimba, panawaka, hata shuka likigusa hutaki. Kisigino kinachouma hatua ishirini za asubuhi halafu kikanyamaza hakifanani na hivyo.

Sasa turudi kwenye mkanda. Fanya hivi hapo ulipo: kaa kwenye kiti, mguu peku sakafuni, shika kidole gumba cha mguu ukiinue kwa mkono kwenda juu bila kuinua wayo. Angalia uvungu wa wayo. Umepanda, sio? Na ukipitisha kidole chini utasikia kitu kimekaza kama uzi wa gitaa. Daktari mmoja wa Uingereza, Hicks, alieleza jambo hili mwaka 1954. Mkanda unatoka kwenye mfupa wa kisigino, unapita chini ya wayo, unazunguka chini ya maungio ya vidole, kwa hiyo vidole vikipinda kwenda juu mkanda unavutwa kama kamba ya kisima inavyojikunja kwenye gurudumu lake, kisigino kinasogezwa karibu na vidole na uvungu unainuka. Bila hivyo wayo ungekuwa mlegevu na usingeweza kujisukuma mbele. Yani kila unapoacha ardhi, mguu unabaki unakanyagia vidole, vidole vimepinda, mkanda umekaza, na kigimbi nacho kinavuta kisigino kutoka nyuma.

Piga hesabu. Kilomita tano kwa mwendo wa dakika saba kwa kilomita ni dakika 35, hatua 160 hivi kwa dakika, jumla 5,600, kila mguu 2,800. Na kila mguu unapotua wakati wa kukimbia ardhi inakurudishia nguvu ya mara mbili mpaka tatu ya uzito wako. Mkanda unaweza kazi hiyo, umeumbwa kwa kazi hiyo, ila unaweza kile ulichozoeshwa. Ukiuzoesha kilomita 12 kwa wiki halafu ukaupa 30 na kilima juu, unaharibika kidogo kila siku na usiku haupati muda wa kutosha kujijenga. Moyo na mapafu vinazoea haraka, wiki chache tu unajisikia una pumzi ya kwenda mpaka Kibaha, lakini mikanda na kano na mifupa vinachukua miezi. Pumzi inakudanganya kwamba mwili mzima uko tayari kumbe ni pumzi peke yake.

Na hapa ndo nilipobadilisha mawazo kabisa. Mimi nilidhani ni uvimbe ndani, ndo maana nilimeza diklofenaki kwa bidii. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walitoa ripoti ya visa 50 vya watu waliofanyiwa upasuaji wa kisigino, wakaangalia vipande vya mkanda kwa hadubini, walichokuta ni nyuzi zilizochakaa na kuvurugika, dalili za uvimbe hawakuziona. Kuchakaa. Fikiria kamba ya ngalawa iliyoanza kufumuka nyuzi, hiyo huiwekei dawa ya uvimbe, ila tofauti ya mwili na kamba ni kwamba mwili ukipewa kazi ya kiasi na muda, unaweza kujisuka upya. Kazi ya kiasi, sio kazi sifuri.

Na ule "mfupa ulioota", ule mwiba unaoonekana kwenye eksirei ambao unatisha watu mpaka wanaulizia upasuaji? Watu wengi sana wanao na hawaumwi popote, na wengi wanaoumwa hawana. Ukipigwa picha ukaambiwa unao, usilie, maumivu yakipona mwiba utabaki pale pale na wewe utakimbia nao maisha yako yote.

Kwa nini asubuhi? Ukilala wayo unalegea, vidole vinaelekea chini, mkanda unakaa umefupika kwa muda wa saa sita saba, unakakamaa kwenye ufupi huo. Ukishuka unauvuta ghafla kwa uzito wako wote. Baada ya hatua kadhaa unapata joto unalainika. Sasa angalia sisi wa Dar tunavyoishi: jua la hapa na foleni vinatulazimisha tukimbie alfajiri, yani dakika kumi na tano baada ya kutoka kitandani tayari uko lami, kwenye saa ile ile ambayo mkanda umekakamaa kuliko saa zote. Mtu anayekimbia jioni Coco Beach baada ya kutembea siku nzima ana afadhali kwa hilo. Sisemi uache alfajiri, mimi mwenyewe siachi, ila nasema dakika kumi za kutembea kabla ya kukimbia kwetu sisi sio mapambo.

Nilipofika kwa fizio, yani mtaalamu wa kutibu kwa mazoezi (wapo MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wapo hospitali ya CCBRT Msasani, na kwengineko), yule dada akaniuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza.

"Dada, maumivu ni ngapi kwa kumi?"

"Nikishakimbia kilomita mbili ni sifuri kabisa."

"Sijauliza ukikimbia. Kesho yake ukishuka kitandani, hatua ya kwanza, ngapi?"

Nikafikiri. Saba. Na siku nilizokimbia ndefu, nane.

Akasema basi jibu lako ndo hilo la kesho yake, lile la njiani usilisikilize. Mkanda ukipata joto unanyamaza, kwa hiyo kumuuliza wakati unakimbia ni kumuuliza mtu aliyelewa kama amechoka. Anajibu kesho asubuhi. Akanipa kazi ya kuandika namba moja kila siku, ile ya hatua ya kwanza, kwenye daftari au simu. Na sheria yenyewe ni nyepesi: wakati wa tizi maumivu mpaka 3 ni sawa, 4 au 5 ni kuwa makini, zaidi ya hapo simama. Lakini hata kama njiani ilikuwa 1, kesho asubuhi namba ikipanda kuliko ilivyokuwa jana, mzigo wa jana ulizidi, punguza. Ikibaki pale pale au ikishuka, mzigo ulifaa, endelea, na ukiongeza ongeza kidogo.

Mimi naona hii ndo nusu ya tiba. Kwa sababu watu tumegawanyika pande mbili, kuna wanaosema pumzika kabisa mpaka ipone, na wanaosema vumilia, mwanamichezo hachoki. Wa kwanza anapumzika wiki sita, maumivu yanaisha, mkanda nao umezidi kuwa mnyonge, anarudi Jumamosi na klabu kilomita nane, Jumapili asubuhi amerudi pale pale alipoanzia. Wa pili anavumilia mpaka anabadilisha namna ya kukanyaga, anakimbilia ubavu wa wayo, halafu goti linaanza. Kila mkimbiaji wa nchi hii anamheshimu John Stephen Akhwari alivyomaliza marathoni Mexico mwaka 1968 mguu umeumia na umefungwa bandeji, na mimi namheshimu, lakini ile ilikuwa siku moja ya Olimpiki akiiwakilisha nchi. Jumanne ya kawaida kwenye barabara ya Mabibo haidai kitu kama kile kutoka kwenye mguu wako.

Kwa hiyo cha kwanza nilipunguza. Nilirudi kilomita mbili tatu, siku moja nakimbia siku moja sikimbii, nikaacha kilima, nikaacha mbio za kasi, na siku zisizo za kukimbia niliendesha baiskeli ya gym ili pumzi isiondoke. Kuogelea pia kunafaa kama una pa kuogelea. Na mchanga wa baharini, hapa wengi tunakosea, tunadhani kwa sababu ni laini ni dawa. Mchanga mkavu unazama, kisigino kinashuka chini kuliko vidole, kigimbi na mkanda vinafanya kazi zaidi kila hatua, tena watu wanakimbia peku na ufukwe wenyewe umeinama upande mmoja. Ukiwa mzima ni tizi nzuri. Ukiwa unaumwa kaa nao mbali kwa sasa.

Cha pili ni zoezi lenyewe, na hili naomba ulisome polepole maana ndo lililonitoa. Tafuta ngazi, kunja taulo dogo liwe kama chapati iliyoviringishwa, weka pembeni mwa ngazi, simama vidole vikiwa juu ya taulo ili vipinde kwenda juu, kisigino kikiwa hewani, shika ukuta. Inuka taratibu kwa mguu mmoja unaouma ukihesabu tatu, kaa juu ukihesabu mbili, shuka ukihesabu tatu. Mara 12, pumzika, rudia mpaka seti tatu. Siku moja unafanya, siku moja unaacha. Kama mguu mmoja hauwezi anza na miwili. Taulo linafanya kile ulichojaribu kwa kidole gumba pale juu, linaukaza mkanda ili nao upate mzigo pamoja na kigimbi. Baada ya wiki mbili unavaa begi mgongoni lenye uzito, mi niliweka mfuko wa unga kilo mbili, nikafika kilo tano, nikapita hapo, na mara zinapungua kadri uzito unavyopanda, 10 kwa seti nne, halafu 8 kwa seti tano. Itauma kidogo, ruksa, ila namba ya asubuhi ndo inaamua.

Mpango huu ulijaribiwa Denmark ukalinganishwa na kunyoosha tu, matokeo yakatoka mwaka 2014, na baada ya miezi mitatu waliobeba uzito walikuwa mbele wazi wazi. Baada ya mwaka makundi mawili yalikuwa yamekaribiana. Maana yake kunyoosha nako hakukuwa bure, ila uzito unakufikisha mapema. Kwa mtu mwenye marathoni kichwani miezi hiyo ni mingi sana.

Ila kama wewe wa kwako ni nyuma, pale chini kabisa ukano unaposhikana na mfupa, usishushe kisigino chini ya ngazi, fanya kwenye sakafu ya kawaida. Kushuka chini kunaukandamiza ukano kwenye mfupa pale pale panapouma.

Kunyoosha ninakokufanya mimi ni kabla sijashuka kitandani. Napitisha kanga chini ya vidole, navuta vidole kuja kwangu mpaka nasikia uvungu umekaza, nahesabu kumi, naachia, mara kumi. Halafu ndo nashuka. Unaweza kukunja mguu juu ya goti ukavuta kwa mkono, ni kitu kile kile, na urudie mara mbili tatu kwa siku hasa kabla ya kuinuka baada ya kukaa sana. Hata wewe unayeamka kuswali alfajiri, dakika mbili hizi kabla ya kwenda kutawadha zinaokoa ile hatua ya msumari. Wengine wanagandisha chupa ya maji ya nusu lita wanaiviringisha chini ya wayo jioni, inatuliza, haijengi kitu ila kutuliza nako kuna thamani yake ukishinda umesimama.

Na kuhusu kusimama. Wakimbiaji tunahesabu kilomita za tizi tu, tunasahau mchana. Muuza duka Kariakoo aliyesimama kwenye saruji kwa muda wa saa kumi, nesi, mwalimu, konda, mkanda wake umeshafanya kazi kabla hajavaa raba. Siku ambayo umesimama sana ndo siku ya kukimbia kidogo au kuacha, ihesabu tu kwamba umeshakimbia.

Mama na sakafu yake sasa. Nyumba zetu nyingi mjini ni marumaru au saruji, viatu tunaacha mlangoni, ndani peku. Heshima ya nyumba siigusi, lakini kisigino kinachouma kikitembea peku kwenye marumaru asubuhi mpaka usiku unakichokonoa kila saa. Nilinunua ndala nene za ndani tu, hazitoki nje hata siku moja, zinakaa pembeni ya kitanda. Nene, zenye kisigino kilichoinuka kidogo, sio yale malapa yaliyoisha ambayo ukikanyaga changarawe unaijua rangi yake. Ndani ya wiki mbili namba ya asubuhi ilishuka kutoka 7 mpaka 5 na nilikuwa bado sijaanza hata uzito.

Raba: wengi wetu tunanunua mitumba, Karume pale unapata raba ya kampuni kubwa kwa bei ambayo dukani hupati hata kamba zake. Mi sipingi mtumba. Ila soli ya nje inaweza kuwa mpya na ile sponji ya katikati imeshakufa, kwa hiyo usiangalie meno ya chini tu. Bonyeza sponji pembeni kwa kidole gumba, ina mikunjo mikunjo? Iweke mezani, iangalie kwa nyuma, imelala upande mmoja? Ipinde, inakatika katikati kama daftari badala ya kupinda kwenye vidole? Iache, kuna mtu mwingine Ulaya alishaimaliza. Watengenezaji wengi husema kilomita 500 mpaka 800 kwa raba ya kukimbilia, na wewe hujui aliyekutangulia alienda ngapi. Ukipata nzuri, usiianzishe kwa mbio ndefu, changanya na ya zamani wiki mbili tatu. Soli ya ndani ya kununua dukani yenye kuinua uvungu inasaidia baadhi ya watu kwa miezi ya mwanzo, za kutengenezewa kwa kipimo cha mguu wako ni ghali na kwa watu wengi hazijaonyesha tofauti kubwa na za kawaida.

Vidonge kwa ufupi. Panadol ukizidiwa, sawa. Diklofenaki na ibuprofeni kabla ya kukimbia hapana, unamnyamazisha yule uliyemuajiri akwambie ukweli, na ukiwa umetoka jasho la Dar maji yamepungua mwilini figo zinaumia, na mwenye vidonda vya tumbo ndo kabisa. Sindano ya steroidi kisiginoni inaweza kukupa nafuu ya wiki kadhaa na kuna wakati daktari ana sababu nzuri ya kuitoa, ila ijue bei yake, ikirudiwa rudiwa inaweza kupunguza ule mto wa mafuta au mkanda ukachanika, na mto wa mafuta ukiisha haurudi. Ukichomwa halafu wiki hiyo ukaenda kukimbia kwa sababu "imepona", unatembea juu ya mkanda dhaifu usioweza kulia.

Kwa waliotumwa na daktari wakimbie wapunguze uzito na kisigino kikawakatalia wiki ya pili, nawasikia sana, klabuni kwetu wapo wengi na wanajiona wameshindwa. Hamjashindwa. Uzito ni mzigo juu ya mkanda na mkanda haujui nia yako nzuri. Anza kwa kutembea haraka dakika 30, baiskeli, zoezi la taulo kwa miguu miwili, kukimbia kutakuja mwezi wa pili wa tatu.

Mimi Februari ile sikukimbia. Nilienda Moshi nikashika chupa za maji za wenzangu, na nililia kidogo, nakubali. Nilikuwa asubuhi namba 3. Nilirudi kukimbia kwa mtindo wa dakika tatu kukimbia mbili kutembea, mara nne, siku moja ndio moja hapana, na kila asubuhi mbili mfululizo namba isipopanda naongeza dakika moja ya kukimbia. Kitu kimoja kwa wakati: kwanza muda, muda ukikaa sawa wiki kadhaa ndo kasi kidogo, kilima mwisho kabisa. Mwezi wa nne nilikimbia Daraja la Tanzanite kwenda na kurudi bila kutembea. Mwezi wa sita zile kilomita nane na klabu. Watu wengi wanaoshika njia hii hupona bila kisu, ila mwambie nafsi yako ukweli kwamba inaweza kuchukua miezi sita, inaweza kuchukua mwaka, na njiani kuna asubuhi ambazo namba itapanda bila sababu unayoiona. Siku hizo nilipunguza nusu, sikuacha.

Kilomita 21 nilizimaliza mwaka uliofuata, kwa mwendo wa taratibu, kupanda kule kwa Mweka nikitembea palipokuwa pa kutembea. Asubuhi yake pale gesti Moshi kabla sijashuka kitandani nilipitisha kanga chini ya vidole, nikavuta mara kumi, nikakanyaga chini, nikaandika 2.